Kukarabati nyumba zilizoungana na kujenga kiwanja finyu: mwongozo kwa wenye nyumba wa Mbeya na Iringa

Ukinunua au kurithi nyumba iliyoungana na za majirani pale Uhindini Mbeya, au katikati ya mji wa Iringa karibu na soko kuu, umepata kuta mbili kamili na nusu ya kuta nyingine mbili. Paa lako linamwaga maji kwenye mfereji mmoja na paa la jirani, msingi wako umegusana na wa kwake, na ukigonga nyundo chumbani kwako vumbi linadondoka kwenye sufuria yake. Ndiyo maana ukarabati wa nyumba hizi hauanzi na malumalu wala jipsam. Unaanza na karatasi, jirani na maji, kwa mpangilio huo. Viwanja vitupu vidogo vilivyobanwa katikati ya nyumba, vya aina inayopatikana Majengo, Sinde na Mabatini za Mbeya, vina mambo yake. Hivyo nitavigusa mbele.

Hatua ya 1: Jua nyumba ni ya nani

Maduka mengi ya zamani katikati ya miji yetu yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilichukua majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuwa akiyatumia yote, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za ofisi hiyo zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo katika safu moja ya nyumba, hii inaweza kuwa ya Shirika, ile ya familia, na ya pembeni imeshauzwa kwa mtu wa tatu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kama wewe ni mpangaji, usivunje hata ukuta wa choo bila kibali cha maandishi cha mwenye nyumba. Na ukikubali kutengeneza kwa fedha zako, makubaliano ya kukatwa kwenye kodi yaandikwe kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji. Yasipoandikwa, hesabu hiyo umetoa sadaka.

Kama unanunua, fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Neno la mwenyekiti wa mtaa ni la kuongezea tu, halichukui nafasi ya upekuzi. Nyumba za katikati ya mji nyingi ni za urithi, na anayekuonesha nyumba si lazima awe ndiye anayeweza kuiuza. Dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Muuzaji akiwa na ndoa, dai ridhaa ya mwenza, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mmoja kuuza nyumba ya wanandoa peke yake. Ukikuta nyumba mbili zilizoungana ziko ndani ya hati moja, usikubali ahadi ya "tutagawana baadaye". Tangu 2008 ipo sheria inayoruhusu hati ya sehemu ya jengo, na mgawanyo huo ufanywe kabla ya malipo ya mwisho.

Hatua ya 2: Mwone jirani kabla ya fundi

Nenda jioni, mtu akiwa ametulia, na usiende na fundi. "Shikamoo mzee. Mwezi wa saba nataka kufungua paa upande wetu. Naomba tukague ukuta wetu wa pamoja mimi na wewe, na kama bati la katikati limeoza tulibadilishe kwa mara moja." Maneno ya namna hiyo yanaokoa fedha nyingi kuliko kupatana bei ya tofali.

Katika ukaguzi huo pigeni picha kila ufa wa pande zote mbili, picha ioneshe tarehe. Kwenye kila ufa mkubwa pakeni kidonge cha jipsam juu yake, kiwe kimeshika pande zote mbili za ufa, kisha andikeni tarehe kwa penseli. Kidonge kikipasuka, ufa bado unatembea. Kikibaki kizima miezi mitatu, ufa ulishatulia na unaweza kuzibwa. Andikeni ukurasa mmoja: ukuta ni wa nani au ni wa pamoja, nani atalipa nini, kazi itaanza na kuisha saa ngapi, na nani atarudisha lipu ya jirani ikidondoka. Mtie saini wote mbele ya ofisi ya mtaa. Watu huona aibu kuandikishana na jirani waliyekaa naye miaka ishirini. Mimi naona aibu iko kwenye kushtakiana naye.

Hatua ya 3: Kagua wakati wa mvua, tengeneza wakati wa kiangazi

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, na upande wa Tukuyu zinavuka kwenda Mei. Ingia ndani ya nyumba mwezi wa pili au wa tatu, mvua ikinyesha, ukiwa na tochi, bisibisi na daftari. Nyumba iliyokaguliwa Septemba haikuambii chochote. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana nyumba nyingi hupakwa rangi Agosti.

Anza juu. Kati ya paa lako na la jirani kuna mfereji wa bati uliolala bondeni, na huo ndio mlango mkuu wa maji. Mara nyingi umeoza chini ya takataka na majani, au umetobolewa misumari na mtu aliyetaka kuubana. Tazama kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba bati, zilizo karibu nao: zichome kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye siagi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Ukikuta mabati ya zamani ya saruji yenye nyuzi za asbesto, usiyakate wala kuyavunja makavu, na usimtume kijana apande kuyang'oa hivi hivi. Vumbi lake linaua mapafu polepole. Yaloweshwe, yateremshwe mazima, na uulize ofisi ya mazingira ya halmashauri yapelekwe wapi.

Kisha nyufa. Ufa unaopanda ngazi ngazi kutoka kona ya dirisha unasema msingi umeshuka. Ufa wa kulala karibu na dari unasema paa linasukuma ukuta nje. Ufa uliosimama wima pale nyumba yako inapokutana na ya jirani mara nyingi ni nyumba mbili zilizojengwa nyakati tofauti bila kufungwa pamoja. Unatisha kwa macho lakini ni wa nafuu kuliko hiyo miwili. Ufa unaopita upana wa milimita 5, au uliovunja kile kidonge cha jipsam, mwite mhandisi aliyesajiliwa. Fundi mzuri atakwambia hivyo hivyo. Fundi anayesema "tutaziba tu" mlipe nauli arudi.

Sasa chini, na hapa tukae kidogo. Nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo au chokaa, bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji ya ardhini yanapanda ukutani taratibu, na unaona mstari wa weupe wa chumvi na rangi inayobanduka, kwa kawaida chini ya mita moja kutoka sakafuni. Mwenye nyumba akiona hivyo huita fundi, fundi hubandua, hupiga lipu ngumu ya saruji, hupaka rangi ya mafuta. Inapendeza mwaka mmoja. Halafu unyevu uliokosa pa kutokea unapanda juu zaidi, unaibuka juu ya ile lipu mpya, na tofali laini za ndani zinaanza kumomonyoka zikiwa zimefichwa.

Tafuta kwanza chanzo. Barabara za mjini zimeinuliwa mara kwa mara kwa moramu na lami, na sakafu za maduka ya zamani zimebaki chini. Chimba pembeni ya ukuta wa nje mpaka ardhi iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu yako, weka mfereji wenye mteremko, na hakikisha gata haimwagi hapo. Ukishafanya hivyo, bandua lipu ya saruji kuvuka ule mstari wa unyevu kwa nusu mita, kwangua viungo vilivyolegea, na acha ukuta upumue kiangazi kizima. Kisha piga lipu ya saruji moja, chokaa mbili na mchanga tisa. Si ngumu kama lipu ya saruji tupu, na hiyo ndiyo faida yake: inapitisha unyevu utoke, na inapokwaruzika inakwaruzika yenyewe, tofali inabaki. Fundi wengi watakubishia kuhusu chokaa. Simama nao wapige mita mbili za majaribio.

Hatua ya 4: Kibali na mkataba

Ukarabati unaogusa paa, kuta zinazobeba mzigo au sura ya mbele unahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Peleka michoro, nakala ya hati na risiti za kodi ya pango la ardhi. Mkandarasi awe amesajiliwa na CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mhandisi na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kazi ya fundi ndogo ndogo nayo iandikiwe mkataba, na malipo yafuate hatua iliyokamilika, si wiki iliyopita.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kazi

Paa, kisha kuta, kisha mabomba na waya, kisha sakafu, kisha rangi. Ukifuata mpangilio mwingine utavunja ulichojenga.

Paa lifunguliwe kati ya Juni na Septemba. Mbao za paini kutoka Mafinga, nyingi zikiwa za msitu wa Sao Hill, zinafika Mbeya na Iringa kwa bei nzuri, lakini zikija mbichi zinajipinda juu ya kenchi na kuinua misumari. Nunua zilizotiwa dawa, zipange kivulini kwa vijiti kati ya tabaka, zikauke kwanza. Bati chukua geji 28; geji 30 ni nyepesi, na kwenye bonde la pamoja hakuna mtu anayetaka kurudi baada ya miaka mitano. Mfereji wa bonde uwe mpana kiasi cha kupitisha kiatu, kwa sababu kila mwaka kabla ya Novemba lazima mtu auingie na kuufagia.

Kuta zikiwa wazi juu, hiyo ndiyo nafasi ya kuweka lenta ya kuzunguka nyumba. Nyumba za zamani nyingi hazina. Mbeya imekaa mahali mikono ya Bonde la Ufa inapokutana. Tetemeko la Desemba 1910 upande wa Rukwa lilikuwa la ukubwa wa 7.4, na lile la Desemba 2009 kule Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Malawi, liliangusha nyumba nyingi za tofali. Lenta ya nondo nne za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, inafunga kuta nne zitembee pamoja. Pembeni ya ukuta wa jirani mhandisi aamue ni wapi lenta itafungwa na wapi itaachwa na nafasi ndogo, maana nyumba mbili zenye urefu tofauti hazitikisiki sawa.

Kazi inayoangusha nyumba za mstari kuliko zote ni kutanua fremu ya duka. Mtu anataka mlango wa bati wa mita tatu mahali palipokuwa na mlango na dirisha, fundi anapiga nyundo, na ukuta wa juu unabaki hewani. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Toboa matundu juu ya mahali bimu itakapokaa, pitisha mbao nene au vyuma katikati ya ukuta kila mita moja hivi, na kila kimoja kishikiliwe pande zote mbili na mirunda iliyosimama juu ya ubao mpana, si juu ya udongo mtupu. Hapo ndipo uvunje. Bimu mpya ikalie tofali nzima angalau sentimita 20 kila upande, au nguzo ya zege kama tofali ni laini. Mirunda isiondolewe kabla ya wiki tatu hata kama mpangaji wa duka anapiga simu kila asubuhi.

Hatua ya 6: Umeme, maji, choo

Waya za zamani zisirukiwe. Nyingi hazina waya wa ardhi (earth), na nyingine zinapita kwa jirani na kurudi. Vua zote, weka upya kwa mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, na kila nyumba iwe na mita yake. Maji: weka koki ya kufungia ndani ya nyumba yako, si kwa jirani. Choo: tafuta chemba iko wapi kabla hujamwaga zege la sakafu. Kichochoro cha nyuma kilichoachwa na waliopanga mji ni njia ya mabomba na ya gari la kunyonya majitaka. Ukikijengea stoo utakuja kuibomoa mwenyewe.

Hatua ya 7: Baridi na hewa

Juni na Julai usiku Mbeya na Njombe unashuka chini ya nyuzi 10, na nyumba iliyobanwa pande mbili ina madirisha mbele na nyuma tu. Watu huziba kila tundu, wanaingiza jiko la mkaa chumbani, asubuhi majirani wanavunja mlango. Acha matundu ya hewa juu ya kila chumba, madogo na yenye wavu, yasiyofungika. Joto litafute juani. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo wakati wa baridi jua linapita upande wa kaskazini. Mbeya huo ni upande wa mlima Loleza. Dirisha kubwa au bati linalopitisha mwanga lielekee huko, na weka dari yenye nafasi ya hewa chini ya bati.

Kiwanja kitupu kati ya nyumba mbili

Kwanza tafuta mawe ya mpaka. Kwenye kiwanja cha mita sita upana, kosa la sentimita 30 ni chumba kizima cha choo, kwa hiyo lipa mpima aliyesajiliwa aje ayaoneshe mbele ya majirani wote wawili. Kama kuna mto au kijito karibu, kumbuka mita 60 za kando ya maji ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu kujengwa. Uliza pia kama halmashauri inaruhusu kujenga mpaka ukutani au inataka uache nafasi; masharti hayafanani kila kitalu.

Msingi ndiyo kazi ya hatari. Nyumba ya zamani ya jirani mara nyingi imekaa juu ya msingi mfupi wa mawe, na wewe unataka kuchimba chini zaidi kwa sababu unapanga ghorofa. Ukichimba mtaro mmoja mrefu kando ya ukuta wake, udongo ulioshikilia msingi wake unateremka usiku mmoja wa mvua. Chimba kwa vipande vya mita moja, ukiruka: cha kwanza, cha nne, cha saba. Mwaga zege, acha lishike, halafu rudi cha pili, cha tano, cha nane. Ni polepole na mafundi hawaipendi. Bora zaidi, mwombe mhandisi akuchoree msingi unaosogeza nguzo zako ndani ya kiwanja, mbali na mpaka kwa mita moja, na bimu iliyonyooshwa kubeba ukuta wa pembeni. Zege linagharimu zaidi, lakini hutagusa msingi wa jirani kabisa.

Kuta za mpakani zisiwe na dirisha, kwa sababu jirani akijenga kesho utazibwa, na kwa sababu ya moto. Zipandishe zaidi ya paa kwa sentimita 40 hivi ili moto usirukie upande wa pili. Mwanga utoke katikati: acha ua wa ndani hata wa mita 2 kwa 2.5, na vyumba vyote vifungue humo. Wengi wanaona ua ni kupoteza nafasi. Vyumba visivyo na dirisha ndiyo nafasi iliyopotea, kwani wapangaji hawavitaki.

Ukifikiria ghorofa, pima ngazi sasa. Kimo cha mita 3 kwa hatua za sentimita 17.5 ni hatua 17, na zikinyooka zinakula mita 4 za sakafu. Zikunje kuzunguka ua na utaokoa chumba. Nondo za nguzo zilizoachwa juu kwa ajili ya kesho zifunikwe kwa zege jepesi, zisiachwe zioze kwa mvua za misimu mitatu.

Na maji tena. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 40 mchana mmoja wa Januari linamwaga lita 2,400, na kiwanja chako hakina pa kuzimeza. Teremsha paa mbele au kwenye ua, kamwe si kwa jirani, na pitisha gata kwenye tangi. Kinachofurika kiende mtaroni. Shimo la majitaka kwenye kiwanja kidogo liwe jambo la mwisho kufikiria: kama mtandao wa mamlaka ya maji unapita karibu, ungana nao hata kama bomba ni refu.

Jambo dogo linalosahaulika: vifaa vitakaa wapi? Huwezi kumwaga mchanga na kokoto barabarani wiki mbili bila ruhusa. Agiza kwa toroli na gari dogo, siku kwa siku. Tofali za kuchoma nunua Septemba au Oktoba, tanuru zikiwa bado zinawaka. Mvua ikianza bei inapanda na utauziwa zilizoiva nusu. Gonganisha mbili: zilizoiva zinalia kama chuma.

Kumaliza

Upepo wa Agosti na Septemba unakausha zege haraka sana. Lifunike kwa magunia na ulimwagilie siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, hata Jumapili.

Rangi isikimbizwe. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, jioni, na kibandue asubuhi. Ukikuta matone nyuma yake, ukuta bado una maji. Subiri mwezi mwingine na ujaribu tena. Ukikauka, kwenye kuta za zamani paka chokaa au rangi ya maji, na ile ya mafuta ibaki kwenye milango na fisha bodi.